Mshauri Asiyempima Mgonjwa: Akili Unde na Ushauri wa Uendeshaji wa Hospitali

Mwezi Mei 2025 serikali ya jimbo la Newfoundland na Labrador, mashariki mwa Kanada, ilitoa hadharani mpango wa rasilimali watu wa sekta ya afya wenye kurasa 526. Jimbo hilo lina wakazi wapatao nusu milioni, baadhi yao wakiishi katika makazi madogo yaliyotawanyika pwani, na limekuwa likihangaika na upungufu wa wauguzi na madaktari. Kazi ya kuandaa mpango huo ilipewa kampuni ya Deloitte kwa malipo yanayokaribia dola milioni 1.6 za Kanada. Mpango ulizungumzia tiba mtandao, motisha za kuwabakiza watumishi kazini, na athari za janga la UVIKO-19 kwa watoa huduma.

Mwezi Novemba mwaka huohuo, chombo kimoja cha habari cha jimboni kilibaini kwamba angalau marejeo manne yaliyotajwa katika ripoti hayakuwapo, au hayakuweza kupatikana popote. Watafiti waliotajwa walikuwa watu halisi, lakini makala waliyodaiwa kuyaandika hawakuyaandika. Baadhi ya marejeo hayo yalikuwa yameegemezwa katika uchambuzi wa gharama na tija, yaani katika hoja zinazoiambia serikali fedha za umma ziwekwe wapi. Kampuni ilijibu kwamba akili unde haikuandika ripoti, bali ilitumika kwa kiasi kidogo kusaidia marejeo machache, na kwamba mapendekezo yake yanabaki kuwa sahihi.

Kwa mtumishi wa afya, jambo hili halipaswi kubaki habari ya nchi ya mbali. Mpango wa rasilimali watu ndio unaoamua wodi iwe na wauguzi wangapi usiku, zahanati ipi ipate tabibu na ipi ingoje, na posho ipi iendelee kutolewa. Mgonjwa naye huyaona matokeo yake, ingawa huenda asijue kamwe kwamba kulikuwa na ripoti. Ndiyo maana makala haya yanaitazama fani ya ushauri elekezi wa uongozi na namna akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, inavyoibadilisha. Hoja yetu ni moja: ushauri, kama tiba, hupata thamani kutokana na uchunguzi uliotangulia na kutokana na mtu anayewajibika kwa matokeo. Akili unde imeshusha sana gharama ya kuandika ushauri. Haijaondoa ulazima wa kuchunguza, wala ulazima wa kuwajibika.

Fani iliyoingia hospitali zamani

Mshauri elekezi wa uongozi ni mtu au kampuni inayolipwa ili iitazame taasisi kwa jicho la nje na kueleza namna ya kuiendesha vizuri zaidi. Hospitali huwaita washauri hawa zinapotaka kupunguza foleni za wagonjwa wa nje, kupanga ikama ya watumishi, kuanzisha mfumo wa malipo wa kielektroniki, au kuandaa mpango mkakati. Wizara za afya na wafadhili huwaita kwa kazi kubwa zaidi.

Uhusiano wa fani hii na hospitali una zaidi ya miaka mia moja. Katika miaka ya 1910, Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanza maisha ya kazi kama fundi mwashi, aliingia katika vyumba vya upasuaji akiwa na kamera ya filamu ili achunguze mienendo ya mikono ya madaktari. Aliona kwamba daktari mpasuaji alipoteza muda mwingi akigeuka kutafuta vifaa, huku mgonjwa akiwa amelala chini ya dawa ya usingizi. Akapendekeza awepo msaidizi wa kumwekea daktari kila kifaa kiganjani mara anapokitaja. Leo muuguzi wa chumba cha upasuaji popote duniani hufanya hivyo bila kujua kwamba utaratibu huo ulitetewa na mtu aliyekuwa amezoea kupanga matofali. Gilbreth hakuupata ushauri wake vitabuni. Aliupata kwa kusimama, kutazama na kupima.

Kampuni zilizokuja baadaye, kama ile aliyoianzisha James McKinsey mjini Chicago mwaka 1926, ziliugeuza ushauri kuwa biashara kubwa. Muundo wake ni kama piramidi. Chini kuna vijana wengi waliotoka vyuoni, wanaokusanya takwimu, kusoma nyaraka, kufanya mahojiano, na kuandaa majedwali na slaidi. Katikati kuna wasimamizi. Juu kuna wabia wachache wanaokutana na mteja na kutia saini. Mteja hulipa kwa kuhesabu siku na watu, na sehemu kubwa ya siku hizo ni kazi ya vijana wa chini.

Kinachobadilika

Programu za akili unde zinazotunga matini zimegusa hasa sehemu hiyo ya chini. Kusoma ripoti mia moja na kuzifupisha, kupanga majibu ya mahojiano katika makundi, kuandika rasimu ya kwanza, kutengeneza slaidi: kazi zilizochukua wiki sasa huchukua saa. Mwaka 2023 McKinsey ilitangaza chombo chake cha ndani kiitwacho Lilli, kinachotafuta majibu katika nyaraka zaidi ya 100,000 za kampuni hiyo. Mwaka huohuo Accenture ilitangaza kuwekeza dola bilioni 3 za Marekani katika takwimu na akili unde kwa muda wa miaka 3. Kampuni nyingine kubwa zimefuata njia hiyo.

Je, kazi inayotoka ni bora zaidi? Utafiti unaotoa mwanga mkubwa ulichapishwa Septemba 2023 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na wenzao, wakishirikiana na Boston Consulting Group. Washauri 758 wa kampuni hiyo walipewa kazi zinazofanana na kazi zao za kila siku. Baadhi waliruhusiwa kutumia GPT-4 na wengine hawakuruhusiwa. Katika kazi 18 ambazo programu ilizimudu, waliotumia akili unde walikamilisha kazi zaidi kwa asilimia 12.2, walizimaliza haraka zaidi kwa asilimia 25.1, na ubora wa kazi zao ulizidi wa wenzao kwa zaidi ya asilimia 40. Walionufaika zaidi ni wale ambao awali walikuwa na uwezo wa chini.

Hata hivyo, watafiti waliweka pia kazi moja ya namna nyingine. Washauri walipewa jedwali la takwimu za kampuni pamoja na maelezo ya mahojiano na watu wa ndani ya kampuni hiyo. Jedwali lilionekana kujitosheleza, lakini jibu sahihi lilihitaji kusoma kwa makini yale waliyoyasema wahojiwa. Katika kazi hiyo, waliotumia akili unde walikuwa na uwezekano mdogo wa kupata jibu sahihi kwa pointi 19 za asilimia wakilinganishwa na wale waliotegemea vichwa vyao.

Daktari yeyote atalitambua tatizo hilo. Ni sawa na mwanafunzi anayesoma majibu ya maabara na kutangaza ugonjwa kabla ya kumuuliza mgonjwa maumivu yalianza lini, wapi, na baada ya kula nini. Majibu ya maabara ni ya kweli, lakini ugonjwa umejificha katika maelezo ya mgonjwa.

Kwa nini mashine huzua marejeo

Programu hizi zimefunzwa kwa kusoma matini mengi mno na kubashiri neno linaloelekea kufuata. Hazitafuti ukweli jinsi mtu anavyotafuta faili kwenye kabati. Rejeo la kitaaluma lina umbo linalotabirika: majina ya watafiti, mwaka, anwani ya makala, jina la jarida, namba za kurasa. Programu inayojua umbo hilo vizuri inaweza kulijaza kwa majina ya watafiti wanaojulikana katika fani na anwani inayosikika kuwa ya kweli, ingawa makala yenyewe hayapo. Hata programu zilizounganishwa na intaneti au maktaba hazijaepukana kabisa na kasoro hii.

Tuchukue mfano wa wodini. Mtumishi aliyechoka anaandika shinikizo la damu 120/80 kwenye faili bila kumfunga mgonjwa mkanda wa kipimo. Namba ni nzuri, imeandikwa mahali pake, na anayeisoma hana sababu ya kuitilia shaka. Hatari yake inatokana na huko kufanana kwake na kipimo cha kweli. Rejeo lililozuliwa ni shinikizo la damu lisilopimwa.

Tukio la Kanada halikuwa la pekee. Miezi michache kabla yake, nchini Australia, kampuni hiyohiyo ilikuwa imeandaa ripoti ya takriban dola 440,000 za nchi hiyo kwa wizara inayoshughulikia ajira, kuhusu mfumo wa kompyuta unaotoa adhabu kwa watu wanaopokea msaada wa serikali. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney aligundua marejeo yasiyokuwapo, na pia nukuu ya hukumu ya mahakama ambayo hakimu hakuitamka. Oktoba 2025 kampuni ilikubali kurejesha sehemu ya malipo, na toleo lililosahihishwa la ripoti likaeleza kwamba programu ya akili unde ilikuwa imetumika. Katika matukio yote mawili, kasoro iligunduliwa na wasomaji wa nje waliofanya jambo rahisi: walitafuta makala yaliyotajwa.

Binadamu naye hukosea

Haitakuwa haki kuitwika mashine lawama zote, kana kwamba ushauri elekezi ulikuwa salama kabla yake. Mwaka 2018 watafiti walichapisha uchambuzi wa hospitali 120 za umma nchini Uingereza kwa kipindi cha miaka 4. Waliona kwamba, kwa jumla, hospitali zilizotumia fedha nyingi zaidi kwa washauri elekezi hazikupata ufanisi zaidi. Mwelekeo ulikuwa ni ufanisi kupungua. Nchini Marekani, mwezi Desemba 2024, McKinsey ilikubali kulipa dola milioni 650 ili kumaliza uchunguzi wa serikali kuhusu ushauri wake kwa Purdue Pharma, watengenezaji wa dawa ya maumivu ya OxyContin. Ushauri huo ulilenga kuongeza mauzo ya dawa jamii ya afyuni wakati uraibu wake ulikuwa tayari unaua watu wengi.

Tukio hili la mwisho linatufundisha kuhusu uwajibikaji. Kampuni ilishtakiwa, ikalipa, na mbia wake mmoja wa zamani akakiri kosa la kuharibu kumbukumbu. Palikuwa na mtu wa kuulizwa. Programu ya akili unde haiwezi kuitwa mbele ya bodi ya hospitali, haina leseni ya kunyang'anywa, na haiwezi kusikia aibu. Kwa hiyo kila inapotumika lazima awepo binadamu aliyetia saini, na saini yake iwe na maana ileile tunayoitarajia kwa daktari anayeandika cheti cha dawa.

Swali la vijana na swali la mazingira

Kuna jambo ambalo kampuni za ushauri zenyewe zinalijadili kwa wasiwasi. Ikiwa kazi za vijana wa chini zinafanywa na mashine, wabia wa kesho watatoka wapi? Katika udaktari tunalijua jibu. Daktari bingwa hatokani na vitabu pekee. Hutokana na usiku mwingi alioutumia akiwa daktari wa mafunzo kwa vitendo, akichukua historia za wagonjwa mmoja baada ya mwingine na kusahihishwa na wakubwa zake. Kazi iliyoonekana kuwa ya kuchosha ndiyo iliyomjengea uwezo wa kuhisi kwamba kuna kitu hakiko sawa hata pale majibu yote yanapoonekana mazuri. Mshauri ambaye hakuwahi kukaa mapokezi na kuhesabu wagonjwa, wala kupekua leja ya dawa kwa mkono, atakosa macho ya kuona kosa katika jedwali lililotengenezwa na programu.

Pili, programu hizi zimelishwa kwa wingi matini ya nchi tajiri, na hasa ya Kiingereza. Ukiiuliza namna ya kupunguza msongamano katika kliniki, itakupa jibu lenye mpangilio mzuri, lakini limebeba dhana za mahali pengine: kwamba umeme haukatiki, kwamba kila mgonjwa ana simu yake mwenyewe, kwamba muuguzi wa chanjo hafanyi pia kazi ya kuzalisha na ya kugawa dawa. Haijui kwamba wakati wa masika mto hukata barabara na wajawazito hufika wakiwa wamechelewa. Mambo hayo hayamo kwenye majedwali. Yanajulikana na mganga mfawidhi, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mama anayesubiri kwenye benchi. Takwimu za vitabu vya MTUHA zina thamani kubwa, ila kila mtumishi anajua kwamba namba moja inaweza kupanda kwa sababu ugonjwa umeongezeka, au kwa sababu vitendanishi vimefika, au kwa sababu amekuja mtunza kumbukumbu makini zaidi. Asiyeuliza hatajua ni ipi kati ya hizo.

Siri ya mgonjwa

Mshauri elekezi huomba takwimu, na hospitali mara nyingi humpa faili zima ili kuokoa muda. Zamani faili hilo lilibaki kwenye kompyuta yake. Leo linaweza kupakiwa katika programu iliyo kwenye seva za nchi nyingine, pamoja na majina, umri, kijiji, na majibu ya vipimo vya Virusi vya UKIMWI au kifua kikuu. Kuondoa jina pekee hakutoshi: katika kata ndogo, umri, kazi na aina ya ugonjwa vinaweza kumtambulisha mtu mara moja.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2019, na Rwanda mwaka 2021. Sheria hizi huzipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Hospitali haipotezi wajibu wake kwa sababu tu imemkabidhi mshauri kazi. Mgonjwa alimwamini mtoa huduma wake, wala hakuwahi kumjua mshauri.

Maswali ya kuuliza

Si lazima mtumishi wa afya awe mtaalamu wa kompyuta ili aipime ripoti ya mshauri. Ujuzi wa wodini unatosha, ukiandamana na ujasiri wa kuuliza. Kwa wajumbe wa bodi, timu za uendeshaji wa huduma za afya na wakuu wa idara, tunapendekeza maswali yafuatayo:

1. Je, hadidu za rejea na mkataba vinamtaka mshauri aeleze wazi ni wapi ametumia akili unde na kwa kazi ipi? Kuitumia si kosa. Kuificha ni kosa.

2. Je, marejeo yanapatikana? Chagua matano au kumi bila mpangilio, umwombe mkutubi au kijana wa mafunzo ayatafute. Rejeo moja lisilokuwapo ni sababu ya kukagua yote.

3. Nani alifika? Ripoti itaje vituo vilivyotembelewa, tarehe, na kada za watumishi waliohojiwa. Kama hakuna aliyekaa na wauguzi wa zamu ya usiku, mapendekezo kuhusu zamu ya usiku yahesabiwe kuwa makisio.

4. Taarifa za wagonjwa zilipelekwa wapi, ziliondolewa vitambulisho kwa njia gani, na zitafutwa lini?

5. Ni nani, kwa jina, anayewajibika kwa kila pendekezo, na ataulizwa vipi iwapo pendekezo litadhuru huduma?

6. Kama kazi imefanywa kwa muda mfupi kwa msaada wa mashine, je, bei imepungua, au muda uliookolewa umetumika kwenda vituoni kuzungumza na watu?

Swali hili la sita lina uzito wa pekee. Faida kubwa ya akili unde katika ushauri wa afya inaweza kuwa hii: kumwondoa mshauri kwenye kompyuta na kumrudisha mahali alipokuwa Gilbreth, pembeni mwa kazi yenyewe, akitazama na kupima. Mashine ikifupisha nyaraka 200 kwa alasiri moja, mshauri amepata siku kumi za kukaa mapokezi, maabara na stoo ya dawa. Akizitumia siku hizo vizuri, hospitali imepata ushauri bora kuliko ule wa zamani. Akizitumia kuuza ripoti nyingine inayofanana kwa hospitali jirani, basi tumenunua karatasi.

Kwa wagonjwa na ndugu zao, maneno ni machache. Unapoambiwa kwamba utaratibu umebadilika, kwamba kliniki yako imehamishwa siku au dirisha la dawa limefungwa, una haki ya kuuliza sababu na kutoa maoni yako kupitia kamati ya kituo, sanduku la maoni au uongozi wa hospitali. Maoni yako ni takwimu ambayo hakuna programu inayoweza kuitunga. Mgonjwa anayesema kwamba alisubiri tangu alfajiri hadi saa tisa alasiri ameeleza jambo ambalo jedwali la wastani limelificha.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Atakayeshauri kuhusu kitanda cha hospitali, awe binadamu au binadamu anayesaidiwa na mashine, na akifunue kwanza, amuulize aliyelala juu yake, ndipo aandike.